Betri Niliyoiita Nzima

Mwanangu, mchana ninaoukumbuka hata nisipotaka ni ule ambao betri niliyoipima kwa mkono wangu mwenyewe, nikaitamkia kuwa nzima, ililipuka mfukoni mwa mtoto wa dada yangu huko Chunya. Ilimuunguza paja. Alipoingiza mkono ili aitoe, ikamuunguza na kiganja. Mkono wenyewe ni wa kulia, na vidole viwili vya mkono huo havijakunjika tena mpaka leo.

Nimeanza na hilo ili usidhani nakupigia soga. Sasa nirudi nyuma nikueleze kwa mpangilio, maana kosa halikuanzia Chunya. Lilianza nikiwa mtoto kijijini kwetu, upande wa Kilolo, zamani ambapo hakuna aliyekuwa ameisikia hii sigara ya umeme mnayoiita vepu.

Baba yangu alikuwa na redio. Ilikula betri nne, zile nene za tochi, na duka lilikuwa mbali. Betri zilipochoka, sauti ya redio ikawa kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi, mimi ndiye niliyetumwa kuzitoa na kuzianika juu ya bati la jiko, tangu umande ukauke hadi jua lipinde. Jioni tulizirudisha, na redio ikasema tena siku mbili tatu. Zikigoma kabisa, baba hakununua nne. Alinunua moja, akaichanganya na tatu za zamani. "Mpya itawabeba wazee," alisema, na kweli ikawabeba.

Majirani wakaanza kuniletea za kwao. Nilipofika miaka kumi nilikuwa naiminya betri kwa kidole gumba, nasema hii bado, hii imekufa, na watu wazima wananisikiliza. Sifa anayopewa mtu utotoni hukaa mwilini muda mrefu, mwanangu. Ya kwangu ilikaa zaidi ya miaka arobaini.

Sifa hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye ufundi. Nikahamia Mbeya, nikapata meza Mwanjelwa, nikatengeneza redio, baadaye tochi za kuchaji na zile spika ndogo za vijana. Betri nazo zikabadilika. Zikaja hizi za lithiamu, nene kama kidole gumba na ndefu kukizidi, nzito mkononi kuliko unavyotegemea. Niliziona, nikazishika, sikuziuliza habari zake. Kuuliza si ujinga, lakini mtu akishaitwa fundi miaka mingi, kuuliza huwa kugumu kama kuvua shati sokoni.

Imani, mtoto wa dada yangu Upendo anayekaa Mlandege, mjini Iringa, alikuwa akichimba dhahabu Chunya. Kila aliposhuka Mbeya alipita mezani kwangu. Siku hiyo alikuja na vepu yake, kiboksi kizito cha kushika kiganjani, kinachotumia betri mbili za kuchomoa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Naona umekuja na jiko lako. Unanukia kama keki ya kipaimara."

"Afadhali hili, mjomba. Sigara zilikuwa zinanimaliza kifua, na kule shimoni bila kifua huna kazi."

Moshi wenyewe sitauzungumzia hapa, mama zenu wameshausema vya kutosha. Shida yake ilikuwa betri. Moja ilipotea, akanunua nyingine mpya. Alitaka kujua kama ile ya zamani iliyobaki bado ina afya ya kufanya kazi pamoja na mpya.

"Ina umri gani?" nikamuuliza.

"Hapo ndipo sijui. Niliinunua mkononi kwa mtu Tunduma, naye aliinunua mkononi kwa mtu. Wewe ndiye daktari wao."

Neno hilo lilinikaa vizuri, tena vizuri mno. Nikamwambia aende kula, nikaigeuza ile betri kwenye mwanga. Ganda lake la nailoni lilikuwa limechanika karibu na kichwa. Kiunoni ilikuwa na kibonyeo kama iliyoangukia jiwe. Nayakiri haya kwa sababu ndiyo yanayoniuma: niliyaona yote mawili. Niliyaona kama unavyoona makunyanzi ya mzee, nikasema huo ni umri tu. Kisha nikafanya nilichofundishwa na bati la jiko la mama. Nikaianika juani, juu ya paa la kibanda.

Meza ya pili kutoka yangu alikaa Tumaini, binti wa kama miaka ishirini na tano, fundi simu. Akaacha alichokuwa akikifanya.

"Mzee, hiyo unaianika ya nini? Ulezi huo?"

"Nimeanza kuanika betri kabla mama yako hajaolewa."

"Sawa, ila zile zenu zilikuwa zinalala tu. Hizi zina hasira. Na hiyo ina kibonyeo."

"Na wewe una maneno."

Watu wa meza za jirani wakacheka, na wakacheka upande wangu. Tumaini akarudi kuinamia simu aliyokuwa akiitengeneza. Mimi nikauhesabu ukimya wake kuwa ushindi.

Nikaishusha, nikaichaji mpaka taa ikawa kijani, nikaipima papo hapo. Volti nne nukta mbili, imejaa kabisa. Nikaivisha ganda jipya la bluu, nikalipitishia moto likasinyaa na kuikaza, kibonyeo kikafichika. Ukiiona usingejua ipi imetoka dukani na ipi imepita mikono ya watu. Imani aliporudi nikamkabidhi.

"Nzima hii," nikamwambia. "Hata ikichoka, mpya itaibeba."

Nilitamka maneno ya baba yangu kwa sauti ya baba yangu, juu ya kitu ambacho baba yangu hakuwahi kukiona.

Siku ya tatu simu ikaita. Imani alikuwa amepumzika mdomoni mwa shimo, anavuta vepu yake mfululizo huku akisubiri zamu. Akaitwa kwenda kushika kamba. Akahisi kiboksi kina joto, akakitia mfukoni hivyohivyo akakimbia. Waliokuwepo walisema walisikia kwanza sauti ya kutatarika, kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji, halafu mshindo. Mwenzake wa kamba, kijana aitwaye Ndele, alimmwagia mchanga na kumchania suruali kwa kisu. Bila Ndele, pengine ningekuwa naandika habari nyingine.

Walimleta hospitali Mbeya, nami nilifika kabla ya dada yangu. Imani alikuwa macho, mkono umefungwa mpaka kwenye kifundo.

"Mjomba, ulisema nzima," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehakikisha kwamba siku ile alisikia vizuri. Nikajibu kwamba ndiyo, nilisema.

Dada Upendo alifika kesho yake kutoka Iringa. Nilijiandaa kwa matusi, hata niliyatamani, maana ukitukanwa unapata pa kujifichia. Hakunitukana. Aliketi kando ya kitanda, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, mtoto alikuletea wewe kwa sababu ni wewe. Angempelekea fundi mwingine, angeuliza mara mbili."

Nimekemewa na wengi katika maisha yangu, mwanangu, na baba yangu alikuwa mkali. Hakuna kemeo lililokaa ndani kama hilo.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwenye meza ya Tumaini, nikakaa kwenye kigoda cha wateja. Nikamwambia nimekuja kufundishwa. Nilingoja anicheke, hakunicheka. Aliifuta meza kwa kiganja, akaweka betri mbili mbele yangu.

"Mzee, ninyi si ndio mnaotuambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe? Betri iliyotoka kwenye chaji ni mgeni aliyetoka mezani. Ukimpima hapohapo utaona ameshiba tu. Kama anaumwa hutajua."

Akanieleza na lile la kuchanganya. Ndani ya vepu ile betri mbili zimefungwa nira moja kama maksai. Vepu huvuta nguvu nyingi kwa pumzi moja, si kidogokidogo kama redio. Kongwe ikiishiwa, mpya haijui kwamba mwenzake amechoka, inaendelea kuvuta, na kongwe inaburutwa hadi ndani yake kunaharibika na kuchemka. Mpya haikuibeba kongwe. Iliiua. Nikaelewa basi kwa nini ujuzi wangu haukunionya kwa miaka arobaini. Redio ukiikosea hunyamaza, na kesho unajaribu tena. Hii ukiikosea huwaka. Mazoea yana taabu, mwanangu, na taabu yake kubwa ni kwamba hayaji na sura ya kosa. Yanakuja na sura ya ujuzi.

Imani sasa yuko Mlandege kwa mama yake, haendi tena shimoni. Ukimtembelea atakusalimia kwa mkono wa kushoto, na kila mara, hata kwa watoto, huomba radhi kwanza. Mimi nami nilifunga meza, nikarudi Iringa. Nyumba yangu haiko mbali na ya dada. Ananipokea, ananipikia. Lile neno lake hajalirudia, wala sijamsikia akilifuta.

Basi nikuachie nilichokipata kwa bei ya mkono wa mtu mwingine. Ukiletewa betri ya namna hii, anza na macho kabla ya kipimo. Ganda lililochanika, kichwa chenye kutu, kibonyeo, tumbo lililovimba, harufu tamutamu isiyo ya kawaida: kimojawapo kinatosha kuikataa. Ganda jipya lisikudanganye, hata mimi nililivisha. Usiianike juani, wala usiiweke karibu na jiko ukidhani unaiamsha. Ikiwa macho yameridhika, ichaji ukiwa karibu nayo, uiguse mara kwa mara, maana yenye kupata moto kwenye chaji inakuambia inaumwa. Ikijaa, iache ipumzike siku mbili. Siku ya tatu ipime. Yenye afya itakuwa karibu palepale ulipoiacha. Ikiwa imeshuka chini ya volti nne bila kufanya kazi yoyote, hiyo inavuja kwa ndani, iage. Na uliyoikuta imelala chini ya mbili na nusu usijaribu kuifufua, hata kama mwenyewe anakusihi.

Ikipita hapo, mpe jembe: iweke kazini. Mwulize mwenyewe: zamani ilikaa na chaji tangu asubuhi hadi lini, na sasa hadi lini? Jibu hilo ndilo umri wake, kuliko maandishi yoyote ya ganda. Ya kwako unayoinunua mpya, andika siku uliyoinunua kwa kalamu ya wino mzito. Zinazofanya kazi mbili ziwe pacha: zinunuliwe pamoja, zichajiwe pamoja, zistaafu pamoja. Usibebe betri mfukoni na funguo au sarafu, tafuta kiboksi chake cha plastiki. Iliyokufa usiitupe kwenye moto wa takataka.

Na kama hujui, sema hujui. Ningemwambia Imani neno hilo moja siku ile, angekasirika kidogo, akanunua nyingine, akaenda zake. Hasa ukiwa mtu wa karibu, mtu anayeaminiwa, pima mara mbili, maana yule anayekupenda hatakuuliza mara ya pili. Na mdogo wako akikuambia neno mbele za watu, usiangalie watu wanacheka upande gani.

Mungu akupe macho ya kuona unachokitazama, na ulimi mwepisi wa kukiri. Mikono yako ikae salama, na ya wote watakaokuletea kazi kwa sababu ni wewe.

Limebaki moja, nalo sijalimaliza. Betri iliyolipuka ni ile kongwe. Ile mpya ilirushwa na mshindo, ikaokotwa mchangani ganda likiwa limebabuka kidogo tu. Imani anasema Ndele aliipangusa, akaiona nzima, akaitia kwenye tochi yake ya kichwani, na usiku uleule akashuka nayo shimoni. Betri iliyopita kwenye moto ule haifai kukaa kwenye paji la uso la mtu. Nilipolijua hilo nikampigia, namba haikupatikana. Nilikwenda Chunya mwenyewe, nikakuta shimo limeachwa. Mchimbaji mmoja wa shimo la jirani akaniambia Ndele amehamia Makongolosi, mwingine akasema amerudi kwao Sumbawanga. Makongolosi nimeshafika mara mbili. Sumbawanga bado, na namba yake naipiga kila Jumamosi.