Chembe Nyeusi Ndani ya Mursik

Juzi binti yangu alishangaa nilipomtambua mapema muuaji katika tamthilia ya runinga: jirani mpole. Hila hiyo niliijua nikiwa mtoto kijijini Kapsoit, dada yangu aliponisomea riwaya kuukuu ambamo jirani mwema alimpa mgonjwa sumu.

Mchana uleule, mvua ikipiga mabati, jirani yetu Mama Cheruto alimletea nyanya yangu mgonjwa, tuliyemwita Kogo, maziwa ya mursik yaliyogandishwa kibuyuni. Yalinukia moshi, na ndani niliona chembe nyeusi. Leo najua ulikuwa mkaa wa kusugulia kibuyu.

"Kogo, usinywe! Ni sumu!" Nilikipiga kikombe, maziwa yakamwagika.

Mama Cheruto hakunigombeza. Alimimina mengine, akanywa nusu huku machozi yakimtoka, akanikabidhi kikombe.

"Haya, mpatie."

Nyanya aliyamaliza. Niliketi nikitazama kifua chake kikipanda na kushuka hadi jioni.