Siku Nilitafuta Adui Kathonzweni

Mwalimu wetu wa ngumbaru, masomo ya watu wazima, kijana wa umri wa kifungua mimba wangu, alitupatia kazi ya nyumbani ya somo la dini: kila mtu aende amtendee adui yake jambo jema, halafu Alhamisi asomee darasa vile ilienda.

Tuko wanawake watano. Wale wanne waliandika jina haraka haraka. Mimi nikabaki na kalamu mdomoni. Tangu niokoke nimekaa na watu vizuri, na hiyo ndiyo kitu moja najivunia hapa duniani.

"Mwalimu, mimi sina adui."

"Tafuta, mama."

Nikatafuta. Nikaenda kwa jirani ambaye mbuzi yake ilikula ndengu zangu mwaka jana, nikamuuliza kama bado ananichukia, hata kidogo tu. Akasema hapana, akanipa maziwa. Nilirudi nimekasirika.

Jumanne nikipepeta ndengu, mwenzangu wa darasa akaingia na kuku. "Mwaitu, mama, shika," akasema, akiangalia pembeni. Nikabariki mikono yake. Kabla nimalize kuifunga miguu, wa pili akafika na mapapai. Wa tatu akaleta punda na mitungi minne ya maji. Wa nne alikuja na unga, akatuona, akasimama hapo langoni.

"Kwani hata nyinyi mliandika huyu?"

 Nikakaa juu ya gunia.

"Nimewakosea nini?"

Wakaangaliana. Wa kuku ndiye alijibu. "Uliomba Mungu aniondolee roho ya umbea. Kanisani. Kwa maikrofoni."

"Si nilikuwa nakuombea!"

"Na jina ukarudia, ndio Mungu asikosee."

"Mimi uliomba bwana yangu aache mwanamke wa nje, arudi nyumbani," akasema wa mapapai. "Alikuwa ameenda mjini Wote kununua mabati. Kurudi jioni, akapata kanisa yote inamlilia."

"Mimi uliniombea mtoto," akasema wa maji. "Niko na miaka hamsini na mbili!"

Wa unga alikataa kusema yake. Alisema tu bado inamuuma.

Mstari wa Biblia wa kujitetea ulinijia mdomoni, nikaumeza. Ulipita vibaya kama mfupa wa samaki. "Nisameheni," nikasema. Wa kuku alichukua kisu, na wa unga akauliza sufuria ya ugali iko wapi.

Chakula kikiwa tayari wakaniambia niombe. Kufungua jicho moja, nikaona wote wamekodoa macho, wananiangalia mdomo.

"Asante Mungu kwa chakula. Amina."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

 Hakuna mkono ulienda kwa sahani.

"Sasa hiyo ni maombi gani?" akasema wa maji. "Ongeza kidogo, mama. Lakini usitaje mtu."