Siku Niliyofukizia Udi Ndani ya AC

Haya, chekeni kabisa mmalize, maana nikianza kusimulia sitaki mtu anikatize. Mie, mwanamke mzima, mke wa mtu, dada mkubwa niliyekabidhiwa mdogo wangu na mama yetu kwa maneno na machozi, nimewahi kuwatoa nje wageni wa posa wanakohoa, mbele ya gari la zimamoto, na kanzu zao zimegeuka rangi. Siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na ardhi yenyewe ya Doha ni mwamba mtupu, haipasuki kirahisi.

Miaka ile Doha nzima ilikuwa inachimbwa. Unatoka asubuhi kwenda kazini, unakuta barabara ya jana haipo, pana shimo na uzio, na vumbi likitoka pale halina pengine pa kwenda ila kwako. Mie na mume wangu Seif (yeye dereva wa kampuni, mie mapokezi kwenye hoteli moja ya West Bay) tulikuwa tumepanga ghorofa ya juu kwenye villa ya zamani ambayo mwenyewe kaikatakata kwa kuta za jipsamu, nyumba ya familia moja ikawa ya familia chungu nzima, kila mtu na mlango wake na jiko lake dogo la kujibanza. Kuta zilikatwa, lakini AC haikukatwa. Mashine ilikaa juu ya paa, hewa inapita kwenye mabomba mapana ya bati juu ya dari, wenyewe wanayaita dakti, na dakti zile zilikuwa za sote, kwa hivyo jirani wa chini akikaanga samaki villa nzima tunakula samaki kwa pua.

Sasa, tuliishi na mdogo wangu Rukia, aliyekuwa akiuza kwenye duka la nguo, na Rukia akapata mchumba. Haroub, kijana wa kwetu Unguja, mpishi, mpole, ana adabu zake. Wazazi wake wamekufa zamani, aliyemlea ni shangazi yake anayekaa Maskati, Bi Sharifa, na Bi Sharifa ndiye atakayekuja kuposa. Haroub akatutahadharisha mapema: shangazi akisema ndiyo ni ndiyo, akisema la, basi hata mje na mufti. Na jengine, ana pumu. Vumbi haliwezi kabisa.

Hapo ndipo tulipoanza kuitazama ile AC kwa jicho la pili, maana ukiiwasha baada ya kuizima muda ilikuwa ikitoa pumzi ya gunia la zamani. Sie wenyewe tulishazoea. Mgeni hajazoea.

Rukia akasema tuite kampuni waje waoshe dakti zote na mashine zao. Akaja bwana mmoja na sare, na tochi, na simu kubwa, akachungulia kwenye tundu la sebuleni, akatikisa kichwa kama daktari aliyekata tamaa, kisha akanionyesha picha kwenye simu. Wallahi nilishika kifua. Mavumbi mazito kama godoro, na panya kafa kakauka. Nikamuuliza, "Hii ndiyo ya kwangu?" Akanijibu bila ya haya, "Sem-sem, madam," yaani zote ni zile zile.

Seif alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini. "Mke wangu, umeonyeshwa panya wa watu ukakaa matanga? Ushaona ukungu humu? Ushaona vumbi linamwagika kwenye matundu? Chafu ni ile filta. Itoe, ioshe, ikauke, irudishe. Basi."

"Shemeji, mgeni ana pumu," Rukia akamwambia.

"Ndio maana nasema muoshe filta."

Mmoja huku, mmoja kule, na mie katikati, na mie nina ugonjwa wangu mmoja ambao mama anaujua tangu nilipokuwa mdogo: watu wakiwa na rai mbili, mie lazima nije na ya tatu. Nikawaambia, "Niachieni mie." Jamani, neno hili mkinisikia nalisema, kimbieni.

Ijumaa yenyewe ikafika. Wageni wanakuja baada ya Laasiri. Seif kaenda msikitini na kuwapokea, Rukia yumo chumbani anajipamba, mie nikapanda ngazi pale ukumbini nikaitoa filta kwenye lile tundu kubwa linalovuta hewa. Ilikuwa nzito, imevaa blanketi zima la vumbi, nikaiosha ikatoa maji ya tope, nikaianika barazani. Mpaka hapo, kila kitu sawa. Ningekaa kitako nikapaka wanja, leo ningekuwa sina hadithi.

Lakini nikatazama juu, nikaliona lile tundu liko wazi, linaniita. Nikajiambia, kwetu mgeni mkubwa akija nyumba hufukizwa, na hapa Doha nimeshaona kwa tajiri wa Seif, bosi wake wa kazini, wanaweka chetezo chini ya tundu la AC, inavuta moshi wenyewe, nyumba nzima inanukia mpaka stoo. Sasa kama na filta nayo haipo, si ndio njia nyeupe kabisa? Udi utapita ndani ya dakti, utafukuza harufu ya gunia, na kampuni haitakuwa na kazi. Kwa nini niite watu na mie chetezo ninacho?

(Mtaniuliza, na pumu ya mgeni je? Na mie nitakujibuni kama nilivyojijibu siku ile: moshi ni moshi, udi ni udi. Ndivyo nilivyofikiri. Nimesoma mpaka kidato cha nne.)

Nikawasha makaa. Nikatia udi, nikaongeza ubani, nikaona haba, nikaongeza tena, nikakiweka chetezo juu ya stuli chini ya tundu. AC nilikuwa nimeizima kwa ajili ya filta, kwa hivyo moshi ukapanda taratibu, mzuri, wa heshima. Kidogo nikasikia hodi ngazini. Joto lile la Doha mnalijua, nitawakalishaje watu bila ya AC? Mbio nikabonyeza, nikaipeleka mpaka mwisho.

Wakaingia. Bi Sharifa mbele, mwanamama mkubwa wa umbo, buibui la hariri, kabeba sinia la halwa ya Maskati kwa mikono yake mwenyewe. Nyuma yake mzee mmoja wa jamii yetu ya Doha, Mzee Khamis, na wenzake, kanzu nyeupe zinang'aa. Haroub mwenyewe kakaa nje ndani ya gari, kwa kuwa mposaji haingii. Bi Sharifa akavuta pumzi, akatabasamu, "Mashaallah, nyumba inanukia!" Nikamtupia jicho Rukia, anayechungulia nyuma ya mlango wa chumbani: umeona? Yale maringo yangu ya dakika ile nayakumbuka kuliko siku ya harusi yangu.

Mzee Khamis akakohoa kidogo, akadhani ni koo tu, akaanza maneno yake: "Sisi tumepita njiani, tukaona kuna bustani, na bustani ina ua..." Hapo likashuka donge la kwanza kutoka kwenye tundu la AC. Jeusi, jepesi, likatua juu ya ndevu zake. Akaendelea. "...na ua lile limempendeza kijana wetu..." Likashuka jengine juu ya halwa. Kisha sikuyahesabu tena, maana vumbi la miaka lililokuwa limelala mle ndani, filta hakuna, upepo wa mwisho, moshi unalisukuma, likaamka lote likaja kushuhudia posa. Tundu la sebuleni likawa linatapika. Mzee Khamis, Mungu amlipe, alifika mpaka kwenye "tunaomba mtukubalie" ndipo akakohoa vya kweli.

Seif akanitazama. Kisha akaitazama filta iliyoanikwa barazani.

Na kumbuka, dakti ni za sote. Chini nikasikia milango inapigwa, watu wanaitana, kisha sauti ya bhai, Mbangali anayeilinda villa, "Harik! Harik!" yaani moto, na mara akakata umeme wa nyumba nzima. Giza, moshi, vikohozi. Bi Sharifa kashika kifua, pumzi yake inapiga filimbi, na mie nimesimama na kikombe cha kahawa mkononi namwambia, "Karibu shangazi, karibu."

Aliyetuokoa ni jirani yetu Wambui, nesi wa Kenya, ndio kwanza anarudi kanisani kule Mesaimeer, maana Doha hata kanisani huendwa Ijumaa, Biblia bado kwapani. Akapanda ngazi anapiga kelele, "Wueh! Kwani mnachoma nini huku? Toeni huyu mama nje, haraka, haraka! Mama, dawa yako iko wapi? Kwa mkoba? Sawa, twende, pole pole, mimi nakushika." Mie ningali na kahawa.

Haroub akiwa garini akaona moshi madirishani na shangazi yake anateremshwa, akasahau mila zote, akaja mbio, na Rukia naye kashashuka na hina zake na mapambo yake, basi mposaji na mposwa wakakutana uso kwa uso kila mmoja kamshika Bi Sharifa mkono. Wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki chini ya kile kibanda cha kivuli cha kuegeshea magari. Wambui akampulizia dawa yake, akamhesabia pumzi. Wapangaji wote wako uani na taulo na watoto. Na hapo likaingia gari la zimamoto, taa zinazunguka.

Wakapanda na mabuti na kofia zao. Mkubwa wao akarudi amekishika chetezo changu kwa glovu, mbele ya watu wote, akakinusa. Akauliza kwa Kiarabu cha wenyewe udi huu ni wa nani. Watu wakacheka, na mie nikaangalia magurudumu ya gari la jirani.

Bi Sharifa alipopata pumzi akauliza kwa sauti ndogo, lakini uani kila mtu aliisikia. "Nani kafanya haya?"

Rukia machozi yamechora mistari kwenye vumbi la uso. Alijua posa yake iko pale, kwenye jibu lile. Akasema, "Ni sisi, shangazi. Nyumba ni yetu sote. Tusamehe."

Wallahi moyo wangu ulikatika. Mtoto yule angeweza kuninyooshea kidole, na alikuwa na haki. Nikasogea mbele. "Si sisi. Ni mie peke yangu. Yeye alitaka tuite watu waoshe, mume wangu alisema tuoshe filta tu, mie nikawapita wote wawili kwa ujuaji. Usimuadhibu yeye kwa kosa langu, shangazi, nakuomba."

Bi Sharifa akanitazama juu mpaka chini. Kisha akamtazama Rukia. Kisha, jamani, akaanza kucheka, akacheka akakohoa, Wambui akamkataza, akacheka tena. "Mzee Khamis," akasema, "tumalize shughuli hapa hapa. Tumtoe upesi mtoto huyu kwa dada yake kabla hajakaushwa kama samaki ng'onda. Mahari tutaleta sisi. AC wataosha wao."

Fatiha ikasomwa chini ya kivuli cha magari, wazima moto nao wakanyanyua mikono.

Kampuni tuliwaita wiki ile ile, villa nzima, na majirani wakasimama kuhakikisha mie ndiye niliyewaita. Yule bwana wa tochi alipofungua dakti hakutoa simu, akaniita nije nione kwa macho yangu. Seif akamuuliza kama siku ile ya kwanza ilikuwa lazima kweli. Akajikuna, akacheka, akasema siku ile filta ingetosha, sasa hivi ndio lazima. Seif akaitikia "ahaa" moja ndefu ambayo mpaka leo haijesha. Hakuna adhabu kubwa kama mume kuwa na haki.

Kwa hivyo mkiniuliza mie kama inafaa kuita watu wa kuosha dakti, nitakuambieni: ukiona ukungu, ukiona panya, ukiona vumbi linatoka, waite. Huyaoni, osha filta ukae kwa amani. Na ukishaivuruga mwenyewe kwa ujuaji, waite mbio, na uwaandalie chai.

Lakini kilichoniuma ni kimoja. Usiku wa harusi, anayemfukiza bi harusi udi ni dada yake mkubwa, hiyo ni haki yangu, niliingoja tangu Rukia anatambaa. Nikanyoosha mkono nikamate chetezo, Bi Sharifa akakiondoa kwa upole, akampa Wambui, akamfundisha namna ya kukizungusha chini ya nguo, na Wambui akamfukiza mdogo wangu vizuri, taratibu, anaimba kidogo kidogo wimbo wa kwao. Mie nilipewa kazi ya kupanga viatu mlangoni. Nikavipanga, nikalia na kucheka pamoja, na nikaapa pale pale mbele ya makubadhi ya watu: nikisikia rai mbili ndani ya nyumba, ya tatu nitaimeza.