Kamba Nyekundu za Masijala

Ofisini walimwita Mama Faili, na hata mumewe alishazoea kumwita hivyo kwenye simu. Alikuwa karani wa masijala katika ofisi inayowadhibiti wauza umeme: chumba kimoja cha chini, dirisha linalotazama maegesho, rafu nne, na barua za malalamiko za watu ambao hakuwahi kuwaona ila aliwajua kwa mwandiko. Sheria yake ilikuwa moja. Lalamiko lililokwisha, kamba nyeupe. Lisilokwisha, kamba nyekundu.

Faili lililomkaa rohoni lilikuwa la mkunga wa zahanati moja ya mpakani. Kila mwezi mkunga aliandika yaleyale: jioni umeme umekatika, mama anajifungua, na yeye ameng'ata tochi kwa meno ili mikono yote miwili impokee mtoto. Mama Faili alikuwa amerudi kazini mwanawe akiwa na miezi minne. Barua hizo alizisoma taratibu, mkono kifuani. Kampuni ya umeme ilijibu kila mara kwa mstari mmoja: hitilafu iko kwa jirani, ng'ambo ya mpaka.

Mwaka huo ilikuwa zamu ya ofisi yao kukaguliwa. Wadhibiti wa nchi tatu, zinazouziana umeme kwa waya zilezile, walikuwa na desturi yao: hukaguana kwa zamu, na mgeni huchomoa mafaili matatu kwa mkono wake mwenyewe, wenyeji wasimchagulie.

Siku moja kabla, Mkurugenzi, ambaye ngazi za masijala hazikumjua, akashuka.

"Mama, hizi nyekundu zimekuwa nyingi."

"Malalamiko ndiyo mengi, bosi. Kamba zinafuata tu."

"Zifunge nyeupe. Mgeni akiondoka utarudisha."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Yote mawili."

Mkurugenzi akacheka, cheko la mtu aliyekanyagwa kidole. "Mgeni hapitishwi uani, Mama Faili. Anakaribishwa sebuleni."

"Huyu uani ndiko anakokuja, bosi. Nawe mwaka jana ulipokwenda kwao, ulioneshwa uani kwao."

"Unajua nikisema uhame, unahama?"

"Najua. Basi nihamishe kwanza, halafu uzifunge mwenyewe. Mkono wangu haufungi uongo."

Akapanda bila kuaga.

Kesho yake mgeni akaja kutoka nchi jirani: mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, viatu vinambana. Rafu ya nyeupe akaipita kama hakuiona. La kwanza kulichomoa likawa la mkunga, maana ndilo lililonenepa kuliko yote. Akasoma amesimama, kisha akavuta kiti cha Mama Faili akakaa.

"Hili jibu la kampuni, liko hivihivi kila mwezi?"

"Kila mwezi, dada. Hata nukta haijahama."

Mgeni akafungua mkoba wake, akatoa barua aliyokuja kuiulizia. "Watu wetu wa mpakani nao wanakaa gizani jioni. Kampuni hiyohiyo, maana ndiyo inayotuuzia sote, ikatujibu hitilafu iko kwenu."

Wakaziweka barua mbili mezani, ubavu kwa ubavu. Tarehe moja, sahihi moja. Hii inasema kule, ile inasema huku. Mwongo mmoja alibisha hodi nyumba mbili, akasadikiwa kote, kwa kuwa majirani hawakuulizana.

"Na umeme wenyewe unakwenda wapi?" Mama Faili akauliza.

"Nahisi unauzwa nchi ya tatu, jioni bei ikipanda. Mwenzetu wa huko atatusomea mita zake."

Mkurugenzi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakohoa. "Tuiite kampuni pamoja, basi," akasema, kama wazo alilozaliwa nalo. Kabla ya mgeni kuondoka, ofisi zote tatu zilikuwa zimetia sahihi wito mmoja: kampuni ije na vipimo vyake, ijibu mbele ya wote kwa pamoja.

Wiki iliyofuata Mama Faili akaletewa barua ya onyo: amekaidi agizo la mkubwa. Akaisoma mara mbili. Akatafuta jalada jipya, akaliandika namba, akaitia barua ndani na kulifunga kamba nyekundu.

Mkurugenzi akaliona. "Barua yako ya onyo unaiweka kwenye malalamiko?"

"Nailalamikia, bosi. Zamu yetu ikirudi, mgeni akitaka ataichomoa."

"Na hili la mkunga? Si tumeshaita mkutano? Lifunge nyeupe."

"Mkutano umeitwa, taa hazijawaka. Nyeupe nitafunga siku mkunga ataniandikia mwenyewe kwamba tochi ameiweka chini."

Akayapanga mafaili mawili bega kwa bega, rafu ya mbele, mkono wa mgeni unakofika kwanza.