Vitanda Vilivyozeeshwa kwa Chai

Juzi nilikwenda kwa mwanangu kule mtaa wa Golf, na mlangoni tu nikakutana na harufu ya majani ya chai yaliyochemka sana, imechanganyika na ya mbao mbichi. Mkwe wangu alikuwa anapanga chumba cha wajukuu zangu wawili. Uani fundi alikuwa amechuchumaa, anapaka chai kwenye vitanda vipya ili vionekane vya zamani. Ati ndiyo mtindo wa siku hizi! Niliketi nikaomba maji, na mkwe wangu akadhani ni jua.

Halikuwa jua. Harufu ile naijua tangu utoto wangu katika mtaa wa Kamalondo, wakati wa Secession, Katanga ilipojitangaza kuwa nchi peke yake, na watu walioishi ukuta kwa ukuta wakaanza kuulizana babu zao walizikwa wapi.

Sisi tulikuwa watu wa upande wa Kasenga. Baba alinunua samaki wakavu huko, akawaleta mjini kwa lori, na kila safari alilala njiani Kasomeno. Likumbukeni jina hilo, maana mimi sikulisahau. Nyumbani tulikuwa watoto wawili, mimi Chola na mdogo wangu Mwape. Tulilala kitanda kimoja tukipigana mateke, na hatukuwa na shida na mtu.

Siku moja baba akakitoa kitanda chetu, akaagiza vinne kwa Fundi Ramazani, jirani yetu Mwislamu wa Maniema. Vinne!

"Papa, sie tuko babili. Bitanda ine ni ya nani?"

"Unauliza sana, mama," alinijibu, akaendelea kufunga viatu.

Mtoto asiyejibiwa hujijibu mwenyewe. Nikaanza kupeleleza. Vitanda vilifika vyeupe, vinanukia msitu, na baba badala ya kufurahia upya wake akavipaka chai nzito, akavisugua majivu, akavigonga kwa nyundo huku na huku kana kwamba amegombana navyo. Halafu akageukia ukuta. Kando ya mlango kulikuwa na alama za msumari, urefu wangu na wa Mwape mwaka hadi mwaka. Baba akachora safu nyingine mbili pembeni, za watoto ambao hawakuwepo, akazipaka masizi. Mama naye alinunua jora moja la kitambaa, akashona pazia, foronya nne na nguo za watoto, na wakati wote huo alikuwa anaimba. Hapo ndipo wasiwasi uliponishika hasa. Mama yangu aligomba hata chumvi ikizidi kidogo. Leo anaimba?

Nikamwendea Fundi Ramazani kwenye karakana yake. "Fundi, batoto ba bile bitanda ni ba nani?"

Alipiga randa kwanza, kisha akanitazama. "Kitanda hakizai haramu, mama. Enda kucheza."

Basi, ushahidi ulikuwa umekamilika. Mtaani sote tuliijua desturi. Mwanamume akizaa nje, iko siku humleta mtoto nyumbani, na mke mwenye heshima zake humlaza pamoja na wa kwake, kitanda sawa na blanketi sawa, asipatikane wa kunyooshewa kidole. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yetu yote yalitokea Kasomeno. Nilipomweleza Mwape alilia. Mimi sikulia, nilikasirika.

Walikuja na lori, msichana wa rika langu na kaka yake mdogo, wananuka samaki kwa kulala katikati ya magunia. "Huyu ni Mumba, huyu ni Kabwe," baba alisema. "Ni bandugu yenu." Hawakutamka neno, siku ile wala zilizofuata. Ukiwasalimu, wanatazama miguu yao. Nikaona ni kiburi. Nilikuwa nawachungulia wakilala, natafuta pua ya baba, na nilipoona Mumba amekunja magoti kama baba anavyokunja, nikasema moyoni, nimekupata.

Mchana mmoja mama anatwanga sombe, majani ya muhogo, baba anatengeneza baiskeli, akaingia jandarma, askari wa Katanga, mwenye bunduki.

"Baluba ba Kasai, munabaficha wapi?"

"Hapa hakuna," mama alisema. "Hawa batoto bote ine ni bangu."

Alituamuru tuingie chumbani, akatufuata. Alipapasa vitanda, akatazama foronya, akapitisha kidole kwenye zile alama za ukutani. Nadhani alikuwa karibu kuridhika. Kisha akainama kwa Kabwe, akamuuliza jina. Mtoto alifungua mdomo, akaufunga. Jandarma akamtazama Kabwe, akamtazama Mwape, akanigeukia mimi.

"Weye, sema kweli. Bale ni bandugu yako?"

"Hapana!" nikapiga kelele. "Si ba mama! Ni batoto ba papa ba inje! Anabazala na mwanamuke wa Kasomeno, anabaleta na lori ya samaki, na sasa banalala mu chumba yetu!" Machozi niliyoyabana majuma yote yale yakatoka pamoja na kamasi.

Jandarma alimtazama baba aliyesimama mlangoni. Baba akainamisha kichwa, hakukana. Yule mtu akaangua kicheko.

"Ee, papa! Kumbe njia ya Kasomeno iko murefu hivi!" Akatoka akicheka, akawasimulia majirani wote mpaka mwisho wa barabara.

Mama aliketi kitandani, akacheka, kicheko kikageuka kilio. Baba akanishika kichwa. "Aksanti, mama." Nikazidi kumshuku. Mtu gani anashukuru kwa kuumbuliwa?

Habari ilifika kanisani, wakamvua uongozi wa kwaya aliyoipenda kuliko chakula. Hakujitetea. Alikaa benchi la nyuma pamoja nasi wanne, akiimba kwa sauti ya chini.

Secession ilipokwisha, mwanamke mmoja aliyekonda alifika kutoka kambi ya wakimbizi. Alimwita Mumba kwa jina lake la kweli, Ntumba, na yule msichana niliyemdhani mwenye kiburi akaanza kusema Kiluba cha Kasai bila kupumua, huku amemng'ang'ania mama yake shingoni. Baba yao, fundi cherehani, alikuwa rafiki wa baba. Watu wa Kasai walipokuwa wakisakwa mitaani, baba alikuwa anawatengenezea watoto wale miaka ambayo hawakuishi kwetu. Wao aliwakataza kusema, matamshi yao yasiwafichue; sisi hakutuambia, maana mtoto anayejua siri huonekana usoni.

Hilo nililielewa mapema. Lakini mbona hata baada ya hapo hakujisafisha? Nilichelewa sana kupata jibu. Kujisafisha kungemlazimu aseme watoto wale aliwaficha wasikamatwe na nani, na hao waliowasaka ndio waliokuwa wamekaa mabenchi ya mbele kanisani. Alichagua kuitwa mzinzi akaishi nao.

Baba alipofariki, matanga yalijaa. Mwanamke wa makamo aliyetoka Mbuji-Mayi, huko Kasai, aliingia akilia kutushinda sisi wenye msiba, na mama mmoja wa kanisani akamuuliza, "Weye, mama, ni nani mu hii familia?"

Ntumba akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mie ni mutoto wa inje," alisema. "Wa Kasomeno."

Mama yangu akasogea kwenye mkeka, akamwachia nafasi kati yangu na Mwape.