Nilimnyima Mgeni Kahawa, Barabara Ikapata Nyota Nne

Kosa ni langu. Nalitanguliza hilo kwa sababu nikishaanza kuwataja wenzangu hapa chini, mtasahau kwamba na mimi nimo. Jina langu sitoi. Ya wenzangu natoa!

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na kitu. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo nimeuza kahawa. Nilikuwa na baraza langu kijijini kwetu, ukishapita Kigombe, kando ya barabara enzi ile ikiwa ya vumbi. Nilikuwa na dele la shaba la kupikia kahawa nililorithi, vifinjani, na sinia la kashata. Sasa nakaa mjini, Nguvumali, chumba cha uani, kwa mkwe wangu. Kijana aliyeoa binti yangu ndiye ananinunulia sabuni ya kuogea. Wanaojua aibu wameshanielewa.

Kwanza niwaambie desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa nilichofanya.

Kwetu pwani ukiulizwa habari unajibu salama. Paa linaungua, salama. Mgonjwa yuko ndani hajitambui, salama. Halafu mgeni anakaa, anapewa kahawa, mnazungumza mvua, mnazungumza samaki, kifinjani cha pili kinamiminwa, na hapo ndipo inapotoka: "Salama, ila..." Hiyo ila ndiyo habari yenyewe. Salama ni baraza tu, ila ndiyo chumba cha ndani. Mgeni asiyesubiri kahawa anaondoka ameona baraza, anakwenda kusimulia kwamba nyumba ni nzuri.

Basi. Ikaja barabara ya lami. Tulifurahi, nani asifurahi? Ikaja na mtu wake, Injinia Gaudensi, ndiye wa kwanza ninayemtaja, mcheshi, mnene, kila mtu kwake ni "mzee wangu" hata awe mdogo kuliko yeye.

Kijijini kwetu kuna bonde. Masika maji yote ya mashamba ya juu hushuka hapo kwenda baharini. Hilo halihitaji shule, mbuzi wetu wanalijua. Gaudensi na watu wake wakakata bonde lile kwa tuta refu kama ukuta wa gereza, na chini yake, badala ya kalavati la maana, wakalaza bomba. Bomba! Paka aliyeshiba angekwama.

Dada yangu Mwanahamisi, mkubwa wangu, tumbo moja, alikuwa mjane anakaa bondeni, upande wa juu wa tuta, katika nyumba ya udongo aliyotuachia mama. Akaja barazani kwangu watu wamejaa.

"Ndugu yangu, masika maji yatapita wapi?"

"Si kuna bomba, dada?"

"Lile? Mimi nilidhani wamesahau mrija wa soda."

Baraza zima likacheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya barabara ya kijiji, nimechaguliwa kwa sababu namjua kila mtu na anakunywa nini. Nikamwambia dada nitalisema. Sikulisema.

Siku moja Gaudensi akanijia na habari mpya. Barabara yetu inakuja kupimwa uendelevu, yaani kama imejengwa bila kudhuru ardhi, maji na watu, na kama itawafaa wajukuu. Kupima huko kuna mifumo miwili, na wenye mradi hawajaamua wafuate upi. Kwa hiyo watajaribu yote miwili kwenye kipande chetu, kisha majibu yawekwe pamoja yalinganishwe.

"Sasa tofauti yake nini?" nikamwuliza.

Alizungumza mpaka makaa yakazima. Mimi nitawaeleza kwa ufupi.

Mfumo wa kwanza ni wa nyota. Huo ni kama mchango wa harusi. Huyu analeta mchele, yule sukari, yule kuni, vyote vinajumlishwa, na kikikosekana kimoja kingine kinafidia. Umepanda miti? Alama. Taa za jua? Alama. Kifusi cha zamani umekitumia tena? Alama. Maji hayana njia? Si neno, miti ulipanda mingi!

Mfumo wa pili ni wa milango. Huo ni kama udhu. Osha uso mpaka ung'ae, miguu usipoosha, huna swala. Mlango mmoja ni maji, mwingine ni watu: wameulizwa, na wamesema nini. Ukianguka mmoja, miti yako nenda ukapikie.

Injinia Gaudensi alipenda upi? Msiniulize maswali ya watoto.

"Mzee wangu," akaniambia, anatafuna kashata yangu ya tatu, "tukifaulu huu wa milango na tukapata nyota nne kwenye ule mwingine, uzinduzi tunaufanya hapa. Hapa hapa barazani. Mgeni rasmi anakunywa kahawa yako. Na bango la nyota tunalisimamisha mbele yako."

Ah, moyo wa mwanadamu! Nilimwona mgeni rasmi ameshika kifinjani changu kwa vidole viwili, anafumba macho, anasema, "Hii kahawa hii." Kwa ndoto ya kifinjani kimoja!

"Mimi nifanye nini?"

"Watu wako wakiulizwa, waseme salama."

"Hilo mbona wanasema kila siku."

"Ndiyo. Lakini waishie hapo."

Nikapita nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyenitisha, hakuna aliyeninunua. Nilizungumza kistaarabu: jamani, mgeni hamwagiwi ya nyumbani, tusitiriane, salama, basi. Wakakubali. Watu wetu ukiwaambia neno stara umewamaliza.

Wa nyota akaja kwanza, Bwana Elinami, naye namtaja. Gari lake halikuzimwa. Hakukaa. Alihesabu miche ya miti iliyopandwa juzi yake na bado inashangaa iko wapi. Akapiga picha taa. Akasimama mbele ya baraza, jua linamchoma, akauliza, "Habari za barabara, wazee?"

"Salama!" wakaitika kama madrasa.

Akaandika. Nikamkaribisha kahawa, akasema anatumia maji tu. Vumbi lake lilitua kabla dele halijachemka.

Wiki iliyofuata akaja wa milango. Huyu simtaji kama mkosaji, namtaja kwa sababu nina deni naye la heshima. Bi Rehema, mwanamke wa makamo, alikuja kwa bodaboda, viatu vimejaa vumbi. Akavivua, akapanda barazani, akakaa mkekani. Akampa shikamoo dada yangu, aliyekuwa amekuja kusikiliza, akasubiri marahaba yake, ndipo akasema:

"Mimi wazee wangu nina mambo machache. Mkiniambia lile bomba halitoshi, sisomi mengine yote. Hapa patachimbwa, litawekwa kalavati, ndipo barabara ipate cheti. Mkiniambia linatosha, nitaandika linatosha."

Kisha akalitazama dele langu. "Nasubiri kahawa, mzee. Sina haraka."

Sina haraka! Huyu anajua! Amefundishwa na nani huyu?

Nikamtazama dada. Alikuwa amekaa pembeni ya mkeka, kanga ameivuta mpaka kwenye paji. Nikaona koo lake linapanda na kushuka. Namjua tangu sijaota meno. Ile ila yake ilikuwa inapanda ngazi.

Dele liko motoni. Mvuke unatoka mdomoni mwake, tangawizi inanukia mpaka barabarani. Na mimi, muuza kahawa, mwana wa muuza kahawa, nikafungua kinywa nikasema:

"Kahawa imekwisha, mama."

Wallahi nilisema! Bi Rehema akalitazama dele. Akanitazama mimi. Wanaume wote barazani wakaanza kutazama vidole vyao vya miguu.

Dada akasema, "Mwanangu, salama, ila..."

"Dada!" nikamkata. "Mgeni ana safari."

Akanigeukia. Jamani, sijasahau. Neno moja tu lilibaki. Lakini angelisema, angekuwa amenifanya mwongo mbele ya mgeni, mimi, mtoto wa mama yake, na dele langu linafuka pale. Akaishusha kanga kidogo zaidi.

"Salama, mwanangu. Salama tu."

"Salama tu, bibi?"

"Salama."

Alinisitiri. Mimi nilikuwa nauza nyumba yake, yeye akanisitiri. Bi Rehema alivaa viatu polepole, kiatu kimoja, akanyamaza, cha pili, akanyamaza. Hakuna aliyemwita. Bodaboda ikaondoka.

Majibu yakaja. Nyota nne. Na milango yote imefunguka! Gaudensi aliitisha mkutano akasimama juu ya kiti. "Mifumo miwili, imetungwa na watu wasiojuana, huu unapima hivi na ule unapima vile, na yote miwili imetoa jibu moja! Mizani mbili zikikubaliana, nani atabisha?"

Tukapiga makofi. Hakuna aliyeuliza kama ni mwongo yule yule aliyepanda kwenye mizani zote mbili.

Uzinduzi ulifanyika uwanja wa shule, chini ya hema, wageni wakanywa maji ya chupa. Nilikesha natwanga tangawizi. Kahawa ile niliinywa na dereva wa Gaudensi, naye alilalamika ni chungu. Bango lakini walileta, haki ya mtu ni haki yake. Bango kubwa, nguzo mbili za chuma ndani ya zege, nyota nne za njano. Nikawa naliegemea jioni.

Masika yakaingia.

Siku yenyewe nilikuwa natoka msikitini, swala ya alfajiri, mvua imekatika. Nikasikia kelele bondeni. Maji ya juu yameshuka usiku kucha, yamefika kwenye tuta, yamekuta mrija wa soda, umezibwa na magogo. Yakarudi nyuma. Bonde limekuwa bwawa na bwawa linapanda, na nyumba ya mama yetu imesimama ndani yake mpaka madirishani.

Nikakimbia kwenda kwa dada. Sikufika. Maji yaliyokuwa yakitafuta njia pembeni ya tuta yalinikata miguu mbele ya baraza langu, yakanibeba, baraza lenyewe nikaliona linakwenda, mkeka, sinia, yote. Nikagonga chuma. Nikashika.

Lilikuwa bango. Kwa hiyo asije mtu akaniambia zile nyota hazina faida! Mimi ziliniokoa, nimezikumbatia kama mke, na nikiwa juu pale nikamsikia dada yangu.

"Ndugu yanguuu!"

"Niko hapa dada!"

"Njoo!"

Sikwenda. Ningeachia ningekufa, na sikuachia. Nikamsikia mpaka ukuta ukaanguka, kisha nikamsikia vingine. Vijana wa wavuvi ndio waliomtoa, kwa kamba, mwamba wa paa umemlalia mguu. Alipona. Mguu haukupona. Nyumba ya mama ikawa matope, na yangu nyuma ya baraza vile vile.

Barabara? Haikupata hata ufa. Hapo uendelevu waliupima sawasawa.

Baadaye walikuja wakachimba, wakaweka kalavati mtu anapita amesimama. Na nasikia kwa kazi hiyo wameongezewa nyota ya tano, ya kujifunza kutokana na maafa. Gaudensi yuko barabara nyingine, mkoa mwingine, anawaita watu wazee wangu. Elinami sijui aliko, huenda gari lake bado halijazimwa.

Dada alichukuliwa na binti yake, wanakaa Moa, kule karibu na mpaka. Nilikaa muda mrefu sijaenda. Mwisho nikajikaza. Nikapanda basi, nikamalizia kwa bodaboda. Nilimkuta kibarazani, mguu ameunyoosha juu ya kigoda, fimbo kando.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Habari za hapa?"

"Salama."

Nikasubiri. Nikavua viatu, nikakaa chini. Nikasema mvua za huku vipi, akasema zipo. Nikasema samaki, akasema wapo. Nikasema, "Dada, salama... ila?"

"Ila nini? Salama tu."

"Dada, nimekuja kutaka radhi. Nitukane. Nipige na hiyo fimbo. Nimekuja unipe ila yako, hata ukitaka siku nzima."

Alinitazama kwa upole, ule upole wa kumtazama mgeni asiyefahamika ametokea wapi. Ndani jikoni dele lilikuwa motoni, nalijua kwa sauti yake. Harufu ya tangawizi ilinijia usoni.

"Kahawa imekwisha, ndugu yangu," akasema. "Na wewe una safari."

Nikavaa viatu polepole. Kimoja, nikanyamaza. Cha pili, nikanyamaza. Hakuna aliyeniita.

Sasa ninyi mnaosoma. Najua wapimaji bado wanazunguka, leo barabara, kesho bandari, kesho kutwa kisima, kila mmoja na mfumo wake, wanabishana upi bora, nyota au milango. Mimi sina elimu ya kuwaamulia. Lakini wewe wa kijijini, utakapoulizwa, usimsitiri ndugu yako kwa nyumba yako. Mwaibishe! Ataishi. Na wewe unayeuliza, ukiambiwa salama, zima gari, vua viatu, kaa.

Na ukiambiwa kahawa imekwisha, nusa kwanza.