Shangazi Redio Hajatangazwa

Mimi ni mdadisi, sikatai. Cherehani yangu nimeiweka dirishani makusudi, na anayedhani ni kwa ajili ya mwanga hajanijua bado. Pale nilipokaa naona kibanda cha kinyozi, bomba la maji la wote na, ng'ambo ya kichochoro, mlango wa bluu wa Shangazi Redio. Nikiwa na mshono mrefu wa shuka au pazia, miguu inakanyaga yenyewe na macho yanapata nafasi ya kufanya kazi yao.

Shangazi Redio si wa damu yangu. Ni shangazi wa mtaa mzima, hata wa watu waliomzidi umri. Jina alilopewa na wazazi wake nimelisikia mara moja tu, siku mtu wa umeme alipokuja kumtafuta, na sote tukamjibu kwa moyo safi kwamba hapa hakuna mtu kama huyo.

Kazi yake ni mkaa. Alianza akiwa msichana, debe kichwani, mlango hadi mlango, akiita, "Mkaaa! Mkaa mkavuuu!" Sauti yake ilipenya bati na matofali bila kubisha hodi. Siku moja mama fulani akamwomba, "Ukifika kule chini, mwambie dada yangu maji yamerudi." Shangazi hakungoja kufika kule chini. Alisimama palepale akaipaza habari, dada mtu akaisikia, na mtaa wote ukatoka na ndoo. Kuanzia hapo mkaa ukawa kisingizio. Muuza nguo mmoja alipofunga duka lake akamwachia kipaza sauti, kile cha kushika mkononi, mpini umezungushwa utepe mweusi na kitufe kinapiga yowe kama paka aliyekanyagwa mkia. Hapo ndipo shangazi alipokuwa redio kamili.

"Sikilizeni, watu wangu!" Hivyo ndivyo alivyoanza kila asubuhi. Funguo zimeokotwa karibu na bomba, zina kamba nyekundu. Umeme utakatwa mchana, anayetaka kupiga pasi apige sasa. Mke wa kinyozi kajifungua mtoto wa kike, mama na mtoto wazima, baba ndiye anayetetemeka. Kisha akamalizia, "Nimemaliza, endeleeni na shughuli zenu," utadhani kuna aliyekuwa na shughuli wakati yeye anasema. Vijana waliwahi kuanzisha kundi la habari kwenye simu. Likajaa picha za maua ya asubuhi njema na ugomvi wa watu wawili juu ya mpira, na tukarudi kwa shangazi wetu.

Sasa lazima nieleze kuhusu seremala, maana bila yeye hutatuelewa na utatuona wajinga.

Seremala wetu aliwahi kuzidiwa na homa akapelekwa hospitali kwa gari, amefunikwa shuka mpaka kidevuni. Mtu aliyemwona akasema shuka ilikuwa mpaka kichwani. Shangazi akaipokea habari ile ya moto moto na kutangaza msiba. Kesho yake wanawake walikuwa wamejaa mlangoni kwa seremala wanalia, wanaume wamekaa kwenye benchi zake mwenyewe, ndipo mlango ukafunguliwa na marehemu akatoka na mswaki mdomoni. Alikuwa amerudi usiku, amepona.

"Nani kafa?" akauliza.

"Wewe!" akajibu mmoja, analia bado.

Seremala akajitazama chini mpaka juu. "Mimi niko hai," akasema, "na sijanywa chai."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Shangazi hakucheka. Alirudi ndani na kipaza sauti chake, na alipotoka alikuwa na sheria. Tangu siku hiyo hatangazi neno mpaka afike kwa mwenye habari, amtazame usoni na kumwuliza, "Nitangaze?" Mwenyewe akisema "Tangaza," linatoka. Akikataa, linakufa hapo hapo. Na kwa kuwa sisi ni watu wa kuchukua jambo na kulivuta mpaka linachanika, sheria ya shangazi ikawa sheria ya mtaa. Jambo ambalo halijatangazwa, hata ukilijua, hulijui. Mama Pacha, ninayepakana naye ukuta, alibeba mimba ya wale pacha mpaka ikawa inamtangulia kuingia mlangoni, na watu wakawa wanamwambia, "Umenawiri, dada." Siku ya kujifungua tulisikia vilio viwili vya watoto na bado jirani mmoja alisimama dirishani kumwuliza kama ana chumvi ya kuazima. Tuliheshimu hivyo. Kwetu ni adabu.

Basi, wiki moja, Shangazi Redio hakupita.

Siku ya kwanza nilidhani kachoka. Siku iliyofuata maji yalitoka bombani na kukatika bila mtu hata mmoja kukinga, kwa sababu hakuna aliyetuambia. Nikaacha kanzu niliyokuwa napinda, nikavuka mpaka kwa kinyozi.

"Kuna nini kwa shangazi?"

"Ameposwa," kinyozi akasema, wembe uko kwenye shavu la mteja. "Mwanamke akinyamaza ghafla, kuna mwanaume anabembeleza."

"Wewe nawe! Mkeo alinyamaza lini?"

Mteja akacheka, wembe ukayumba, nikaondoka kabla sijasababisha jeraha. Mama Pacha yeye alisema shangazi kasusa, kuna mtu kamuudhi, na akanitazama mimi. Nilipita pita kwenye mlango wa bluu nikijifanya natafuta kifungo kilichoanguka. Ndani palikuwa kimya. Nakiri kwamba mchana ule nilishona mkono wa blauzi kwenye shingo kwa ajili ya kuwaza.

Jibu lilitoka kwa muuza dawa. Alinivuta nyuma ya kabati lake akasema kwa sauti ya chini, "Alikuja kununua dawa hakusema neno. Alinionyesha koo kwa kidole. Sauti imekwenda, mama. Imekwenda kabisa. Lakini hujanisikia mimi."

"Watu wengine wanajua?"

"Wanajua wote. Ila halijatangazwa."

Na kweli walijua wote. Kinyozi alikuwa anajua wakati ananiambia habari za posa. Mama Pacha alikuwa anajua wakati ananitazama vibaya. Kila niliyemgusa aliniambia siri ileile na kunifunga mdomo kwa neno lilelile. Nikamwuliza Mama Pacha kwa nini basi hatuendi kumpa pole.

"Pole ya nini? Tutasemaje tumejua? Ataona tumemchimba. Shangazi mwenyewe! Aliyetufundisha!"

Nikaona ana hoja. Nami nikakaa.

Kesho yake shangazi alitoka na ndoo, shingo imezungushwa kitambaa kizito ingawa jua lilikuwa kali. Pale bombani watu walikuwa wengi. Akawapungia mkono. Wakamwitikia kwa furaha kubwa mno, "Hujambo, shangazi! Jua la leo, eh!" kisha kila mmoja akaitazama ndoo yake kwa makini kana kwamba inaweza kutoroka. Mimi nilikuwa dirishani. Nilimwona akiangalia uso mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakioni tena. Maji yalipojaa alibeba ndoo yake akaingia ndani. Nilijisikia vibaya sana, na nilikasirika bila kujua nimkasirikie nani.

Siku ile ile jioni nikaona muuza mkaa wa mtaa wa pili anatoa magunia kwa shangazi na kuyapakia kwenye mkokoteni. Magunia yote. Mlango wa bluu ulikuwa wazi na ndani, juu ya kitanda, niliona sanduku la nguo limefunguliwa.

Hapo uvumilivu wangu uliisha. Sketi yake ilikuwa kwangu muda mrefu ikingoja zipu. Nikaitia zipu haraka haraka, zipu yenyewe haikuwa hata na rangi moja na kitambaa, nikavuka.

"Hodi! Nimekuletea sketi!"

Alinionyesha kiti. Chumba chake nilikuwa sijakiona kwa ndani vizuri: kitanda, meza, ukuta mmoja mweusi kwa vumbi la mkaa mpaka usawa wa kiuno, juu yake mweupe kabisa. Kipaza sauti kilikuwa mezani, kimefungwa kwenye taulo safi kama mtoto aliyetoka kuoga. Juu ya taulo palikuwa na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkaa: KINYOZI.

"Unampa kinyozi kipaza sauti?" nikauliza. "Yule atatutangazia uongo kutwa!"

Akanyanyua mabega. Akachukua kipande kingine cha boksi na kijiti cha mkaa, akaandika, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea. Daktari amesema asiseme neno mwezi mzima. Hata kunong'ona ni marufuku. Akikaidi, sauti haitarudi.

"Sasa mwezi si utaisha? Sanduku la nini?"

Akaandika: NAENDA KWA BINTI YANGU. KUKAA.

"Kukaa mpaka lini?"

Akachora mstari chini ya neno la mwisho.

Nilisimama. Mimi nikikasirika siwezi kukaa kwenye kiti. "Utuache kwa sababu ya koo? Umekaa hapa tangu mtaa huu una nyumba nne!"

Alikizungusha kile kijiti vidoleni mpaka vikawa vyeusi. Kisha akaandika herufi kubwa, akanigeuzia boksi nisome.

HAMKUJA. HATA MMOJA.

Jamani. Niliyasoma maneno yale mara ya pili. Shangazi alikuwa ananitazama kama alivyowatazama watu bombani, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Shangazi," nikasema, "hukutangazwa."

Hakuelewa. Nikarudi kwenye kiti nikamshika mikono yote miwili, mkaa wa vidole vyake na chaki ya vidole vyangu. "Sikiliza. Tunajua. Mtaa mzima unajua, mpaka mtoto wa kinyozi anajua na hajaota meno. Tunakaa kila mtu kwake tunakufa kwa hamu ya kuja. Lakini wewe mwenyewe hujasema 'tangaza.' Nani angethubutu? Tungeingiaje hapa na pole ya jambo ambalo halijatangazwa? Sheria ni yako!"

Alinitazama mdomoni mpaka nikamaliza. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka bila sauti, mkono umeziba mdomo, machozi yanashuka juu ya vidole vyeusi, na uso wote ukawa michirizi. Nikacheka naye, na mimi ndiye niliyeishia kulia.

Nilipofuta pua nikamtazama usoni, vizuri, kama anavyofanya yeye.

"Nitangaze?"

Akatazama sanduku. Akatazama kile kipaza sauti. Akaitikia kwa kichwa.

Kukishika kile kitu si mchezo. Ni kizito kuliko kinavyoonekana, na mpini bado ulikuwa na umbo la mkono wake. Nikatoka kichochoroni, nikabonyeza kitufe, paka akapiga yowe, nami nikapiga yowe na paka.

"Sikilizeni, watu wangu! Shangazi Redio... huyu wetu... koo linamuuma. Yaani sauti hana. Daktari kasema anyamaze mwezi mzima. Yuko peke yake. Anafikiri hatumtaki. Anataka kuhama..."

Nilikuwa na maneno mengine, na pia nilikuwa sijasema nimemaliza. Lakini mlango wa Mama Pacha ulikuwa umeshafunguliwa, na yeye mwenyewe yuko nje na chupa ya chai ya tangawizi. Chai ya tangawizi haichemki kwa muda wa kusema sentensi saba. Nilimwuliza baadaye, akakubali: aliichemsha kila siku tangu shangazi aliponyamaza, na kila jioni wakainywa yeye na mumewe. Muuza dawa alikuja na asali, imeshafungwa kwenye mfuko. Kinyozi alikuja na mto, mkewe nyuma yake na mtoto, wote wanasukumana kwenye ule mlango wa bluu mpaka nikawa wa mwisho kuingia, mimi niliyetangaza!

Seremala hakusukumana. Alingoja wenzake watulie, akatoa kitu chini ya koti lake. Kilikuwa kibao chembamba cha kuandikia, kimepigwa msasa pande zote, kimepakwa rangi nyeusi, kina kamba laini ya kukivaa shingoni na kitundu pembeni cha kuchomeka chaki. Rangi ilikuwa kavu kabisa.

"Nilikitengeneza siku ile ya pili, maji yalipotupita," akasema. "Nimekikalia tu pale kwenye benchi, nangoja utangazwe."

Nikamvisha shangazi mimi mwenyewe, nikampa chaki yangu ya kukatia nguo. Watu wakasogea kuona ataandika nini. Mama Pacha alikuwa ameshalifunga lile sanduku na kulikalia.

Shangazi aliandika polepole, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Kisha akakigeuza kibao, akamwonyesha seremala kwanza.

NIKO HAI, aliandika. NA SIJANYWA CHAI.

Mama Pacha akafungua chupa.